Vijiduara vya Dereva wa Lori la Mkaa

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Na nyie wa rika langu mliokaa pale nyuma mkakunja nyuso, habari za mchana. Nasikia wachache wameitikia. Wachache wananitosha.

Mwenyekiti ameniomba nisimame mbele ya chama chetu hiki cha kuzikana nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Akaniambia, "Eleza kwa upole." Mwenyekiti, upole sina. Nilikuwa nao, ukaniishia kwenye vichochoro vya Temeke hii hii, siku nilizokuwa natoa salamu na watu wananigeuzia migongo. Humu ndani wamo walionisukuma makaburini. Wamo waliowakataza watoto wao kupita mlangoni kwangu. Sitataja jina la mtu, aliye hai wala marehemu, lakini msidhani nimesahau sura.

Haya, nianze.

Mie ni mtu wa kusini, mnanijua. Kule nilisoma shule ya misheni mpaka baba alipofariki, nikaacha. Nilichotoka nacho ni hesabu. Wenzangu walipenda ngoma, mie nilipenda kugawanya na kuzidisha. Nilipofika Dar es Salaam nilipata kazi ya utingo kwenye malori ya mzungu mmoja mwenye karakana hapa Temeke. Alikuwa na malori sita, yote yanalala kwenye banda moja kubwa la mabati, yakibeba kuni na mihogo kutoka njia ya Morogoro kuleta mjini.

Ikaja vita. Petroli ikawa adimu, ya jeshi kwanza. Bwana yule akayafunga malori yake mapipa ya mkaa. Vijana hamkuyaona, ngoja niwaeleze. Nyuma ya kichwa cha lori linasimama pipa refu la chuma. Unajaza mkaa, unawasha chini. Injini ikizunguka inavuta hewa kupitia ule moto. Hewa ile ikipita kwenye mkaa uliokuwa mwekundu inageuka gesi, na gesi hiyo inawaka. Inapita kwenye bomba, inachujwa majivu, inaingia kwenye injini, lori linakwenda. Haina rangi, na ikishachujwa huisikii harufu. Shikeni neno hilo.

Basi kazi yetu ilikuwa mateso. Leo lori linapanda mlima wa Kimara vizuri kabisa. Kesho, mkaa ule ule, dereva yule yule, linakohoa na kusimama katikati ya mlima na mzigo wake. Bwana akija anakuta mihogo inakauka juani, basi hana swali. Anamzaba dereva kofi, anamwita mvivu, anaondoka. Alikuwa na kitabu kutoka kwao Ulaya chenye majedwali: mkaa kiasi hiki, maili kiasi hiki. Lakini kitabu kilihesabu mkaa wa miti ya kwao. Sie tulichoma mkaa wa mikoko, mkaa wa miti ya Pugu, hata vifuu vya nazi. Kitabu hakikutujua.

Dereva wangu alikuwa mtu wa hapa hapa pwani, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Aliniokota siku ya kwanza nilipofika karakana, nikiwa sijui hata pa kulala. Nikala kwake miezi mitatu. Mkewe akaniita shemeji. Hakunywa pombe mtu yule, hata tembo la mnazi hakulionja. Shikeni na neno hilo.

Siku moja amekula kofi la pili ndani ya wiki, akaniambia tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha lori, "Wewe si unajua hesabu? Basi nihesabie jambo hili, maana shavu langu limechoka."

Nikaanza. Nikaazima mizani dukani. Kila asubuhi nilipima mkaa ratili moja, nikaukausha juu ya bati la moto, nikaupima tena. Kilichopungua ni maji. Nikaandika. Kisha dereva akanitunzia dakika za kupanda mlima. Kusoma hakujua, lakini saa aliijua, akawa anachora vijistari kwenye vipande vya karatasi, kijistari kimoja kwa dakika. Jioni ananipa, naviingiza kwenye daftari. Miezi minne tulifanya hivyo. Watu wakacheka. Mmoja wenu hapa alikuwa akiniita "mganga wa makaa". Nakuona, usijifiche.

Kisha nikachora. Chini nikaandika maji yaliyomo kwenye mkaa, ubavuni nikaandika dakika za mlima. Nilidhani nitapata mstari ulionyooka: maji yakizidi, lori linachoka. Haukunyooka, ndugu zangu. Mkaa mkavu kabisa haukuwa bora kuliko wote. Wenye unyevu kidogo ulitoa gesi kali zaidi, halafu maji yakizidi hapo moto unapoa, gesi inakufa, mstari unaanguka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Nikatafuta kanuni ya kuufuata mstari ule. Nikatia na kina cha mkaa ndani ya pipa, na uzito wa mzigo. Nilijaza daftari, nikakosea, nikafuta, nikarudia. Mwishowe nikawa na hesabu moja ambayo ukiipa mkaa wa asubuhi, inakwambia lori litafika wapi.

Nikamwendea bwana. Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha adabu, "Bwana mkubwa, lori la tatu leo halitafika juu Kimara. Litasimama chini ya kona ya mwisho."

Akacheka. "Na wewe utakuwa umeliroga?"

"Hapana bwana. Mkaa wake umenyeshewa."

Akapanda yeye mwenyewe kwenye lori la tatu ili anione nikiaibika. Lilisimama chini ya kona ya mwisho. Alirudi kwa miguu mpaka chini, viatu vyekundu kwa vumbi. Kesho yake akanipa meza na kiti. Nikawa karani wa moto. Dereva wangu akafurahi kuliko mie. Alikwenda akiwatangazia watu sokoni, "Huyu ni mdogo wangu!" Na makofi yakaisha, kwa kuwa sasa lawama ilikuwa ya mkaa.

Hapo ndipo nilipoharibika. Nataka mnielewe: sikuharibiwa na shida, niliharibiwa na sifa. Kila wiki bwana alitaka hesabu mpya, na mie nilitaka kumpa. Nikaona kwamba kila lori likirudi mchana kupakua, moto unazimwa, kisha kuuwasha upya kunakula saa nzima na mkaa mwingi. Nikahesabu. Nikamwambia, tusizime. Tufunge hewa nusu, moto ulale ndani ya pipa, lori likihitajika tunauamsha mara moja. Hesabu ilikuwa safi. Nilihesabu mkaa, nilihesabu saa, nilihesabu safari. Bwana akanipiga bega. Tangu siku ile malori yote sita yakawa yanaegeshwa bandani na moto ndani.

Masika yakaingia. Mvua ikinyesha, milango ya banda inafungwa ili magunia ya mkaa yasilowe. Hiyo nayo ilikuwa amri yangu. Mkaa mkavu, milango ifungwe. Niliiandika kwenye ubao kwa chokaa.

Dereva wangu akaja mezani kwangu siku moja, ameshika paji la uso.

"Mdogo wangu, mle bandani kichwa kinaniuma."

"Ni baridi ya mvua hiyo," nikamwambia.

"Si baridi. Milango ikifungwa kinauma, nikitoka nje kinaacha. Juzi nimetapika."

"Kapumzike basi."

"Napumzika mle mle bandani, ndiko kuna kavu. Wewe unayehesabu, hebu na hili liangalie."

Nilimjibu maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Nilimwambia, "Kaka, kichwa hakipimwi kwa mizani." Nikacheka. Naye akacheka kwa kuwa alinipenda, akaondoka.

Wiki ya tatu ya mvua, mchana, malori yote yako ndani yanasubiri mvua ipungue. Wenzake walikwenda kula kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara. Yeye alibaki, alikuwa na uchovu. Waliporudi na kufungua milango walimkuta amelala kwenye magunia matupu, mkono chini ya shavu. Wakadhani usingizi. Waliniita mimi. Nilimshika, nikajua.

(Ndugu yangu hapo nyuma, ukitaka kutoka, toka. Ukikaa, usizungumze na jirani yako.)

Bwana aliniita ofisini. Alikuwa na karatasi imeshaandikwa. Akanisomea: marehemu alikuja kazini amelewa, akalala kazini, akafa kwa ulevi wake. Akanipa kalamu.

Nikasema, "Bwana, huyu hakunywa."

Akaniambia, "Moto kulala bandani ilikuwa hesabu ya nani? Milango kufungwa ilikuwa amri ya nani? Ukitaka nitafute sababu nyingine, nitaitafuta, na itakuwa na jina lako."

Nikatia sahihi.

Mnanung'unika. Nung'unikeni, haki yenu. Nilitia sahihi nikijua ni uongo, kwa mkono huu wa kulia. Kwa karatasi ile mjane akatolewa kwenye chumba cha karakana ndani ya siku saba, na watoto wawili, kwa kuwa mume amekufa kwa kosa lake. Na kwa karatasi ile jina la mtu aliyekuwa haonji hata tembo likasemwa mjini kote kuwa ni la mlevi.

Kwenye mazishi, mzee aliyemwosha alikuwa amewaambia watu alichokiona: kucha na midomo ya maiti ilikuwa myekundu, myekundu ya ajabu, kama ya mtu mwenye afya tele. Mkasema nini nyie? Mkasema amerogwa. Mkasema yule karani na daftari lake la namba, zile si namba, ni talasimu, amemtoa rafiki yake ili apate kiti. Nilipokuja na koleo langu mkalichukua. Mkanisukuma. Nilianguka kwenye udongo aliokuwa anafukiwa nao. Hakuna aliyenipa mkono.

Nami nasema wazi: mlikosea juu ya uchawi, hamkukosea juu ya mauaji. Ndiyo maana sikuweza kuwajibu.

Nilikaa kwenye kile kiti miezi miwili zaidi. Nikawa siwezi kuandika namba. Naandika saba, naiona inanitazama. Nikaanza kunywa kabla ya kazi, kisha badala ya kazi. Bwana akanifukuza. Mke wangu akachukua mtoto, akarudi kwao Masasi, na mie sikumfuata hata mpaka stendi. Nikawa mtu wa vilabu vya pombe, nikilala nilipoangukia. Niliyemwandikia mwenzangu ulevi sasa nilikuwa mlevi wa kweli, na Temeke yote ilifurahi kuona.

Mwaka ukapita, na zaidi. Asubuhi moja nimekaa kwenye benchi la kilabu, hata sijaagiza, akaingia mjane. Mwanamke yule kuingia mahali pale ilikuwa aibu kubwa. Hakuniita shemeji. Alisimama mbele yangu akaniambia, "Wewe. Soma."

Akanitupia kifurushi cha vitambaa mapajani. Ndani yake vilikuwamo vipande vya karatasi, vingi, vimekunjwa kunjwa, vimetungwa kwenye uzi kwa kufuatana, kimoja kwa kila siku. Vya marehemu. Vile ambavyo hakuwahi kuniletea.

"Nimevikuta kwenye koti lake," akasema. "Nimekwenda kwa mtu anayejua kusoma, ameniambia hayo si maandishi. Nimejua basi ni mambo yenu, wewe na yeye. Mume wangu hakulewa. Unajua na mie najua. Nataka uniambie amekufaje. Si ulijigamba unajua kuhesabu kila kitu? Hesabu."

Nikamwambia, "Niache, dada."

Akanipiga kofi. Kofi zito, mbele ya watu wote. "Mie si dada yako. Soma!"

Nikafungua. Vijistari vya dakika nilivijua. Lakini pembeni ya vijistari alikuwa amechora vijiduara. Siku nyingine hakuna. Siku nyingine kijiduara kimoja. Siku nyingine viwili, na kuna siku kijiduara kina nukta katikati. Nilikaa navyo, yule mama amesimama juu yangu. Nikauliza, kwa kusitasita, "Siku gani alitapika, unakumbuka?"

"Mkesha wa Maulidi, na siku mbili baada ya hapo. Alishindwa kula pilau."

Nikahesabu vipande kurudi nyuma, kuanzia siku aliyokufa. Siku hizo zilikuwa na nukta.

Ndugu zangu, nawaambia, yule mtu asiyejua kusoma alifanya kazi niliyoikataa mie. Nilipomwambia kichwa hakipimwi, hakubishana. Alikwenda akakipima.

Sikunywa siku ile. Sikusema nimeacha, nilisema tu leo sina nafasi. Daftari langu lilikuwa chini kabisa ya sanduku nililoliacha kwa mama mwenye nyumba niliyokuwa nimepanga, lililiwa na mende pembeni lakini namba zilikuwapo. Nikaweka tarehe za vijiduara kando ya tarehe zangu. Siku za jua, milango wazi: hakuna kijiduara. Siku za mvua, malori mawili ndani: kimoja. Malori manne, kwa muda wa saa mbili: viwili. Malori sita: nukta.

Nikaanza hesabu upya. Mara hii sikuanza na lori, nilianza na banda. Nilijua urefu wake, upana na kimo, nilikuwa nimelipima kwa hatua zamani nikipanga magunia. Nilijua kila pipa lililoachwa na moto hupungukiwa mkaa kiasi gani kwa saa. Mkaa ule hauendi kwa Mungu, unaishia hewani. Sehemu yake inatoka ikiwa ni gesi ile ile inayosukuma lori. Inajaa bandani kidogo kidogo, na nyufa za mabati zinaitoa kidogo kidogo. Kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye pua ya mtu. Nikatafuta kanuni ya kufuata vijiduara vyake kama nilivyofuata dakika za mlima. Ilinichukua wiki tatu. Mara mbili nilikwenda mpaka mlango wa kilabu nikarudi. Mjane alikuwa akija kila baada ya siku moja, anasimama mlangoni, anauliza, "Bado?" Nasema bado. Anaondoka. Hakuwahi kukaa.

Siku nilipomaliza nilimwambia yeye kwanza. Nilimweleza ilivyomuua, dakika kwa dakika, kwa kuwa aliniomba hivyo. Nikamweleza moto ule ulikuwa wazo la nani, na milango, na sahihi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi twende ukawaambie wao."

Karakana bwana alitufukuza kama mbwa. Alimwita askari wa getini. Aliniita mlevi, akamwita mjane mwombaji. Hapo nikataka kurudi. Yule mama akanishika mkono wa shati mpaka ukachanika, tukaenda mjini kwenye ofisi ya mzungu mmoja wa serikali aliyekuwa anashughulika na mambo ya vibarua. Tulikaa barazani siku nne. Siku ya tano alituingiza, nadhani kwa kuchoka kutuona.

Alitazama daftari kwa muda mrefu. Akauliza, "Umesoma wapi haya?"

"Sikusoma, bwana. Nimepima."

"Na ukikosea?"

"Tupimeni tena. Lakini si kwa mtu."

Akaja na daktari na askari wawili. Watu wa Temeke walijaa nje ya karakana, na nyie mkiwamo, mkitazamia nifungwe. Malori sita yakaingizwa na moto, milango ikafungwa. Ndani tukaweka kuku jike mmoja kwenye tenga, karibu na dirisha dogo la kioo. Kabla ya hapo niliandika kwenye karatasi muda ambao kuku ataanguka, nikamkabidhi bwana wa serikali. Niliandika saa moja na robo.

Dakika ishirini, kuku anadonoa. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mganga leo kashikwa!" Mkacheka. Dakika arobaini, kuku amekaa. Kabla ya saa moja kutimia alilala ubavu, hakuinuka.

Nilikuwa nimekosea. Alikufa mapema kuliko hesabu yangu. Daktari akanieleza kwamba kuku anapumua haraka kuliko mtu, nami nilikuwa nimetumia vijiduara vya mtu. Kisha akampasua, akatuonyesha damu: nyekundu, ya kung'aa. Akasema ndivyo gesi ile inavyofanya damu. Mzee aliyemwosha marehemu alikuwapo. Akasogea mbele, akasema kwa sauti, "Ndivyo zilivyokuwa kucha zake." Tangu hapo sikusikia kicheko.

Bwana wa serikali akaomba kile kitabu cha Ulaya. Akakifungua ukurasa wa kwanza kabisa, akatusomea kwa Kiswahili chake cha kusuasua: gari lenye moto lisiwekwe kamwe ndani ya nyumba iliyofungwa. Ilikuwa imeandikwa. Bwana wa karakana alikuwa nayo siku zote mezani. Na mie nilikishika kitabu kile mara mia. Kiingereza sikukijua vizuri, nilikuwa nafunua moja kwa moja kwenye namba, maneno nayaruka.

Kisha akaniuliza mbele ya watu wote, "Na hii karatasi inayosema alikuwa amelewa, sahihi ni ya nani?"

Ningeweza kusema nililazimishwa. Ilikuwa kweli. Nilimtazama mjane. Hakunisaidia kwa jicho wala kwa ishara. Nikasema, "Ni yangu. Nilisema uongo. Hakulewa siku ile wala siku nyingine yoyote. Aliniambia anaumwa kichwa mle bandani, nikamcheka."

Nilivyosema vile nilikuwa nimeshikilia ubavu wa lori. Lakini nilikuwa nimesimama, na nilikuwa sijalewa.

Karatasi ilichanwa, ikaandikwa nyingine. Milango ya banda iling'olewa siku ile ile, na moto ukakatazwa ndani. Mjane alipewa haki yake. Bwana hakufungwa, msiulize kwa nini. Alikwenda likizo kwao akarudi mnene. Mie kazi sikurudishiwa. Sasa natengeneza taa na majiko, na kila Jumamosi nawafundisha madereva kusoma mizani na kuandika. Mke wangu alirejea mwaka jana. Pombe sijaigusa, na kila siku naigomea upya. Hainihurumii, nami siihurumii.

Mjane amekaa pale, mstari wa pili. Mpaka leo hajaniita shemeji. Nilipomuuliza jana kama niseme hapa kwamba amenisamehe, aliniambia, "Sema kilichotokea. Hilo la kusamehe ni langu, ukinipangia nitasimama nikukanushe." Basi sisemi.

Shukrani. Namshukuru mama huyo kwa lile kofi. Namshukuru mzee aliyemwosha rafiki yangu, ambaye alisema alichokiona mara mbili, mara ya kwanza watu walipotaka kusikia kingine, na hakukibadilisha. Namshukuru mama mwenye nyumba aliyetunza sanduku la mlevi asiyelipa. Na namshukuru kaka yangu, aliyeniachia kazi yake ndani ya koti. Nyie wengine siwashukuru, lakini nimekuja kuwazika na kuzikwa nanyi. Hilo ndilo nililojiandikishia.

Funzo langu ni fupi. Nilimwona mtu akiumia, nikatafuta sababu ya kutomwandika, na sababu ikapatikana upesi. Hata nyie mlinipata upesi hivyo hivyo. Mlihitaji mchawi, nikawa nimekaa karibu.

Msinipigie makofi. Msikieni bati hilo, mvua imeshaanza, na huko majumbani mwenu wake zenu wameingiza majiko ya mkaa ndani, wamefunga madirisha ili watoto wasipate baridi. Nyanyukeni. Mwenyekiti atatusamehe dua ya kufunga leo. Nendeni mkafungue madirisha.